Mpanda Ngazi Hushuka: Somo juu ya Senema ya "Barry Lyndon"

Senema si mchezo wa kupitishia jioni tu. Mwanafunzi anayechambua riwaya darasani aweza kuichambua senema vivyo hivyo, ila kwa macho. Leo tuitazame "Barry Lyndon", iliyotengenezwa na Stanley Kubrick na kuonyeshwa mwaka 1975. Asili yake ni riwaya ya William Makepeace Thackeray ya mwaka 1844.

Kisa

Redmond Barry ni kijana wa Ireland asiye na baba wala mali. Baada ya kupigana kwa bastola na kapteni mmoja kwa ajili ya msichana, alitoroka kwao. Njiani alinyang'anywa fedha na farasi, akaingia jeshi la Waingereza katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763). Alitoroka tena, akakamatwa na Waprusia, akalazimishwa kuwa askari wao. Baadaye aligeuka mcheza kamari, kisha akaoa mjane tajiri, Lady Lyndon. Mali alipata, lakini alitaka na cheo. Akatapanya fedha za mkewe kwa karamu na zawadi kwa wakubwa, hata akazama katika madeni.

Mwanga na picha

Kwanza, tuangalie mwanga. Baadhi ya maonyesho ya usiku yalipigwa kwa nuru ya mishumaa mitupu. Mpiga picha, John Alcott, alitumia lenzi ya Zeiss yenye tundu kubwa mno, iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la Marekani la safari za angani. Lenzi hiyo ina shida yake: mchezaji akisogea kidogo mbele au nyuma, sura yake huingia ukungu. Kwa hiyo wachezaji hukaa kimya karibu kama sanamu, na utulivu huo wafaa sana kuonyesha watu waliofungwa na adabu za kikabaila.

Pili, tuangalie mwendo wa picha. Mara nyingi twaona kwanza kitu cha karibu, uso au mkono. Kisha picha yarudi nyuma polepole mpaka mtu awa mdogo kabisa mbele ya mashamba na mawingu, kama katika michoro ya Gainsborough. Barry ajiona mkubwa. Picha yatuambia alivyo mdogo.

Tabia ya Barry

Katika riwaya Barry ajisimulia na kujisifu mwenyewe. Kubrick aliweka msimulizi mwingine, anayetangaza mapema kwamba Barry atakufa maskini, bila mtoto. Basi hatuulizi litakalotokea, bali kwa nini latokea.

Je, Barry ni mwovu tu? La. Alimpenda mno mwanawe Bryan, aliyekufa kwa kuanguka na farasi. Tena, alipopigana na Bullingdon, mwana wa kambo aliyempiga hadharani, zamu yake ilipofika alipiga risasi chini kwa makusudi. Bullingdon hakumrehemu, Barry alipoteza mguu. Tendo lake bora ndilo lililomgharimu zaidi.

Mwishoni Lady Lyndon atia sahihi hati ya malipo ya Barry. Tarehe ni Desemba 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Vyeo alivyovitamani vilikwisha kuanza kutikisika.

Maswali

1. Nini kilimwangusha Barry: tamaa yake, au jamii iliyomthamini mtu kwa cheo?
2. Eleza jinsi mwanga wa mishumaa unavyosaidia maana ya kisa.
3. Kwa nini Barry hakumpiga Bullingdon risasi?