SOMO: KANUNI NDOGO ZA WENGI, MATOKEO YA WOTE

Katika kila chama wapo wanachama wengi, na kila mmoja huamua mambo ya shamba lake: lini apande, apande nini, lini afungulie maji. Maamuzi hayo yakikutana huzaa matokeo ambayo pengine hakuna aliyeyakusudia. Somo hili laeleza njia ya kuyachunguza matokeo ya namna hiyo.

Mfano wa Bali

Katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, wakulima wa mpunga wamejiunga tangu zamani katika vyama vya kugawana maji, viitwavyo subak. Vyama vinavyotegemea mto mmoja hukutana kwenye mahekalu ya maji na kupatana ratiba ya kupanda.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Mapinduzi ya Kijani, wakulima walihimizwa kupanda mbegu mpya mara nyingi iwezekanavyo, kila mmoja bila kungoja mwenzake. Ratiba za zamani zilivunjika. Maji yakagombaniwa, na wadudu wakaharibu mpunga kwa wingi.

Sababu yake ni hii. Kila shamba likipandwa kwa wakati wake, wadudu na panya huhama kutoka shamba lililovunwa kwenda kwenye mpunga mbichi, wala hawakosi chakula. Mashamba yote yakipandwa na kupumzishwa pamoja, wadudu hufa njaa. Lakini maji nayo huhitajiwa na wote kwa wakati mmoja, yasiwatoshe. Kwa hiyo yafaa kupatikana kiasi cha katikati.

Kuunda kielelezo

Wataalamu wawili wa Marekani, Stephen Lansing na James Kremer, waliunda kielelezo cha jambo hili kwa kompyuta, wakatangaza matokeo yake mwaka 1993. Walihesabu vyama 172 vya mabonde ya mito miwili. Kila chama kilipewa ratiba yoyote, bila mpango. Kisha kikapewa kanuni moja tu ya uamuzi: mwisho wa mwaka kitazame mavuno ya jirani zake, na akiwapo jirani aliyepata zaidi, kiige ratiba yake.

Hakuna chama kilichoamriwa kushirikiana. Hata hivyo, hesabu iliporudiwa mwaka baada ya mwaka, vyama vilijipanga katika makundi yenye ratiba moja, na mavuno yakaongezeka. Makundi hayo yalifanana sana na yale ya mahekalu ya maji.

Wa juu na wa chini

Mkulima wa juu ya mto hana hofu ya kukosa maji. Kwa nini basi akubali kupatana na wa chini? Kwa sababu wadudu wa chini hupanda juu. Wa chini ahitaji maji, wa juu ahitaji usalama wa mpunga wake. Kila mmoja ana jambo la kumpa mwenzake. Mapatano yenye faida kwa pande zote mbili hudumu kuliko amri.

Funzo kwa makatibu

Kabla ya kulaumu wanachama kwa matokeo mabaya, katibu aandike ni nani wanaoamua, kila mmoja hutazama nini kabla ya kuamua, na uamuzi wake humgusa nani. Ikumbukwe pia kwamba kuiga jirani kwafaa pale tu mavuno yanapojulikana kwa ukweli. Daftari lenye hesabu za uongo humfanya jirani aige kosa, na kosa hilo huenea chama kizima.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chenu, ni uamuzi gani wa mtu mmoja unaowagusa wengi?
2. Mwanachama humtazama nani kabla ya kuamua siku ya kupanda?
3. Wa juu na wa chini wa mfereji wenu wana nini cha kupeana?