Kiini Kipya Katika Disketi ya Linux

Mwanafunzi mwenzangu, Linux yenyewe hasa ni kiini tu: ile programu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya kompyuta. Linus Torvalds alianza kukiandika huko Finland mwaka wa 1991, na tangu 1992 leseni yake inamruhusu mtu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukigawa. Tuone ruhusa hiyo inafaa nini.

Tuseme unataka kuweka Linux katika kompyuta kuukuu. Unatia disketi, unawasha, halafu skrini inakuambia ati hakuna diski. Jamani, si hiyo imo ndani inavuma! Kumbe kiini cha kwenye disketi hakina programu ya kuiendesha kadi inayoiunganisha diski hiyo. Wengi hapo huitupa mashine. Wewe tafuta kompyuta nyingine yenye Linux, ukajenge kiini chako huko.

Nachukua mfano wa Debian 2.1 ya mwaka wa 1999, maana disketi yake ilifanywa iweze kubadilishwa. Ukiwa ndani ya saraka ya msimbo wa kiini, andika make menuconfig. Itakuja orodha ndefu ajabu. Y maana yake kitu kiingizwe ndani ya kiini, M, kiwe moduli, yaani faili ya kando ya kupakiwa baadaye, N, kiachwe.

Hapa ndipo penye kazi. Kiini hichohicho ndicho kitakachonakiliwa kwenye diski yako. Ukiipa kadi ya diski M, moduli yake itakaa katika diski ambayo kiini hakiwezi kuisoma bila moduli hiyo! Ni kama kufungia ufunguo wa sanduku lako la bweni ndani ya sanduku lenyewe. Kwa hiyo kadi ya diski, initrd, loop, FAT na ext2 zote zipewe Y. Lakini usiseme basi kila kitu Y: disketi hubeba baiti 1,474,560 tu, na kiini hakikai humo peke yake. Kadi ya sauti, kwa mfano, ingoje nje.

Yaliyobaki ni mepesi. Andika make dep, kisha make bzImage, kisha make modules, na uwe na subira, kwani mashine za enzi hizo zilichukua muda mrefu. Nakili kiini kwenye disketi kwa jina la linux juu ya kile cha zamani, halafu endesha rdev.sh iliyomo humo ili mipangilio iandikwe ndani yake. Badilisha pia modules.tgz katika disketi ya pili, kwa sababu moduli za toleo jingine kiini hukataa kuzipokea.

Leo tunatumia flashi badala ya disketi, na moduli ya diski huwekwa ndani ya faili ya initrd.gz, ambayo hupakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kiini kabla diski haijaguswa. Hivyo M si hatari tena kama zamani, mradi ukumbuke kuitia humo.