Mzee na Kikongwe

Maneno haya mawili pengine hutajwa kana kwamba ni neno moja, sivyo. Mzee ni jina la heshima kuliko la miaka. Laurent-Désiré Kabila, rais wa Kongo tangu 1997 hata 2001, aliitwa Mzee, naye aliuawa kabla ya kutimiza miaka 62.

Kikongwe hutoka katika kukonga, yaani kuzeeka sana. Neno hili lataja mwili: mgongo uliopinda, macho yaliyofifia, mkono usioacha fimbo. Ki- yake haimfanyi mtu kuwa kitu. Ndiyo maana husemwa “kikongwe huyu amechoka”, wala si “hiki kimechoka”. Lakini kumwita mtu hivyo usoni pake ni ukali. Aitwe mzee, au, kama wasemavyo Katanga, nkambo.

Kizee ni neno jingine. Wasemao “kizee kile” wamekwisha kumwondoa mama huyo kati ya watu, na mara nyingi neno lifuatalo ni “mchawi”. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake wakongwe walishtakiwa uchawi, na wengine wakauawa.

Mwalimu awaulize watoto: nyumbani kwenu nkambo huitwaje, naye huitikaje?