Jiko la Mkaa Lilale Nje

Ikifika Juni, baridi huanza kuuma Njombe, Makete na milima ya Usambara, na mpaka Agosti haijaachia. Ndipo majiko ya mkaa yanapobebwa na kuingizwa vyumba vya kulala. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa tambara, watoto wanafunikwa blanketi. Kunapokucha, majirani wanagonga na hakuna anayeitika. Wahudumu wa afya wamechoka kuwapokea watu hao, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuugua.

Kanuni

Jiko la mkaa lilale nje.

Pumzi inavyokwenda

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hewa huingia puani, hushuka kooni na kufika kwenye mapafu, na huko damu huchukua oksijeni na kuisambaza mwilini. Vinyweleo na kamasi za pua hunasa vumbi. Gesi haviinasi.

Sumu isiyonuka

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni, na hung'ang'ania hapo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kisha kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni malaria. Aliyelala hata hayo hayasikii.

Wanavyojidanganya watu

Wapo wanaosubiri mkaa uive, uwe mwekundu, ndipo waingize jiko. Kilichoisha ni moshi. Gesi ingali inatoka. Wapo wanaoweka beseni la maji kando, na maji hayaiondoi gesi hiyo. Wapo wanaofukia makaa kwa majivu, nayo yanaendelea kuungua polepole usiku kucha. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si la kutegemea. Jenereta inayonguruma ndani ya duka au ukumbini hutoa gesi hiyohiyo. Mjamzito ajihadhari kupita wote, kwani mtoto wa tumboni huweza kudhurika hata pale mama anapopata nafuu. Mvua inyeshe, baridi izidi, jiko lilale nje, mbali na mlango na dirisha la chumba.

Na baridi?

Blanketi la pili, soksi, na watoto walale pamoja.

Moshi wa mchana

Moshi wa kuni huumiza mapafu taratibu, hasa ya watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi akiwa ametulia: wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtu akikutwa amezimia

Anayeingia afungue mlango na madirisha, amtoe mgonjwa nje haraka, na yeye mwenyewe asikae humo. Asipoteze muda kutafuta maziwa. Hayaondoi gesi kwenye damu. Oksijeni ya hospitali ndiyo inayoiondoa. Aliyezinduka naye apelekwe, hata akisema amepona, na jiko lililomwangusha lisirudi chumbani.