Vitambaa vya Kupangusia Mashine

Huko Masara, katika Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia pampu za kuvuta maji na mashine za kusagia mawe. Mashine hizo hupanguswa kwa matambara ya nguo kuukuu, na wengi hudhani kwamba kila tambara lafaa. Sivyo.

Pamba hunywa maji na mafuta, nayo haiyeyuki. Iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko mpya, kwa kuwa wanga wa kiwandani umekwisha kutoka. Poliesta na nailoni hazinywi maji vizuri. Zikigusa bomba la moshi lenye joto kali huyeyuka, zikagandamana na chuma au na ngozi ya mkono. Tena zikisuguliwa zaweza kutoa cheche, jambo la hatari penye petroli.

Mtu asiyejua nguo yake ni ya namna gani na achomoe uzi mmoja, auchome mbali na mafuta. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi ukaacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja ukaacha donge gumu. Mitumba mingi ni mchanganyiko wa hizo mbili. Hiyo isitumiwe penye joto wala petroli.

Vifungo na zipu hukatwa kwanza, maana hukwaruza chuma. Taulo kuukuu hunywa sana, lakini hudondosha nyuzi. Penye njia ya dizeli yafaa fulana iliyofumwa vizuri.

Lakini tambara la kuogopwa kuliko yote ni lile lililokamulia zebaki. Mchimbaji akiisha kuichanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, huikamua kwa kitambaa, na matone madogo yasiyoonekana hubaki kati ya nyuzi. Hayo hutoa mvuke hata pasipo moto, nao hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni. Tambara hilo lisipanguse mashine, wala lisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto, wala mtoni. Lisichomwe kamwe, kwa maana moto huigeuza zebaki kuwa mvuke mara moja. Litiwe katika chombo cha plastiki nene chenye kifuniko cha kukaza, kiwekwe mbali na nyumba na jiko. Sufuria ya alumini haifai kwa kazi hiyo, kwani zebaki huila.