KIFANDUGU

Karibu na Bukavu kuna msitu wa Kahuzi-Biega. Kima wa msitu ule wana mikia mirefu, bali gorila hawana. Mtu naye hana mkia. Lakini papasa mgongo wako mpaka chini kabisa: utagusa ncha ya mfupa. Ndiyo kifandugu. Mtoto tumboni mwa mamaye huwa na kimkia, nacho hupotea baada ya majuma machache.

Je, kifandugu ni cha bure? Sivyo. Misuli inayozuia matumbo yasishuke imefungwa pale. Tena husaidia kubeba uzito wa mtu aliyekaa. Akikiangukia, huumia siku nyingi. Basi, usimwondolee mwenzako kiti anapokaa!

Maswali
1. Mnyama gani hana mkia?
2. Kifandugu kina kazi gani?