Mbwa Wetu Mdogo Anatutoa Jasho

*Shangazi, mume wangu ametuletea mbwa aina ya Jack Russell, ana miezi minane. Watoto wetu, wa miaka minne na tisa, wanampenda mno. Lakini amefukua bustani yangu ya mchicha, anabweka mchana kutwa, na juzi ameua kuku wa jirani. Sisi tumezoea mbwa wa kulinda, wa kufungwa mchana. Nimrudishe alikotoka?*
*Mama Neema, Arusha*

Mama Neema, kabla ya lolote, mlipe jirani kuku wake na umwombe radhi. Kisha tumfahamu mbwa wako, maana hana tabia mbaya, amekosa kazi.

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1819, John Russell, aliyekuwa akisoma Oxford na baadaye akawa kasisi, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mdogo mweupe aliyeitwa Trump. Ndiye aliyeanzisha kizazi cha mbwa wa kuingia shimoni na kumfurusha mbweha. Kufukua, kukimbiza na kubweka ndiyo kazi waliyozalishiwa. Wako anaifanya kwenye mchicha kwa sababu hamkumpa mahali pengine.

Mpeni basi. Asubuhi na jioni atembezwe kwa kamba, walau nusu saa kila mara. Mtengeeni kona ya mchanga, mfukie mpira humo autafute. Mfundisheni kuitika jina na kukaa, dakika chache kila siku, kwa kipande cha nyama. Fimbo itamfanya mwoga au mkali. Msimfunge kutwa, kelele zitazidi. Zibeni matundu ya ua hadi chini ya udongo, na mbele ya kuku asiachwe bila kamba hata akikua.

Mtoto wa miaka minne asibaki naye peke yake. Watoto wote wawili wajue kwamba mbwa anayekula au kulala haguswi. Na kama bado, mpelekeni kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa.

Mbwa huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 13. Neema atakuwa mtu mzima naye angali uani. Kaeni na baba watoto mpangiane zamu. Mkiona hamna muda, mtafutieni nyumba yenye nao, wala si aibu. Lakini mpeni kwanza miezi mitatu ya kazi, mama. Hajapata nafasi ya kuwaonyesha wema wake.